Samaki wa Dimbwi la Moshono: Safari ya Mama Eunike Akyoo

Mchungaji, wazee wetu, majirani, na nyote mliopanda njia hii ya mlima kuja kumsindikiza dada yetu, familia inaomba masikio yenu.

Marehemu Eunike Elisaria Akyoo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa Nkoaranga, mtoto wa tatu wa mzee Elisaria Akyoo na mama Ndeshi, na tangu udogoni akitumwa maji alirudi na ndoo nusu, kwa kuwa nusu nyingine ameimwaga akitafuta kilichokuwa kinaogelea ndani yake.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari mjini Arusha, na mwaka 1986 akahitimu shahada ya elimu ya wanyama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaajiriwa kuwa mtafiti wa samaki wa maji baridi, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu Machi 2021.

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na Solomoni Mbise, aliyetutangulia mwaka 2015, wakajenga Themi, mjini Arusha, wakajaliwa watoto wawili, Derick, aliyezaliwa Machi 1991 masika yalipoanza na kufariki kwa homa mvua zilipokatika, na Diana, tuliye naye hapa. Habari za Derick dada yetu hakuzisema popote, na Diana alikuwa mtu mzima alipojua kwamba aliwahi kuwa na kaka.

Mwezi Mei 2011 mfugaji wa Moshono, Bwana Lesikar, alimwonyesha dimbwi lililojaa kila masika na kukauka kila kiangazi, ambalo ng'ombe wake waliligomea hata wakiwa na kiu, na humo Eunike akavua samaki wawili wenye urefu wa kidole cha mwisho, wa aina ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika. Lakini wote walikuwa majike, na samaki wa jamii hiyo hutambulika kwa rangi za dume, kwa hiyo asingeweza kuwatangaza wala kuwapa jina. Aliporudi mwaka uliofuata alikuta dimbwi limefukiwa kifusi na msingi wa nyumba umechimbwa, akachota makopo kadhaa ya tope kavu lililobaki pembeni, maana samaki hao hutaga matopeni, wazazi hufa maji yakikauka, na mayai husubiri mvua. Tangu hapo kila masika alimwagia kopo moja la tope maji ya mvua, pasitoke kitu, wenzake wakamwambia kwa upole kwamba ananywesha udongo.

Asubuhi moja ya Aprili 2022, katika kopo la mwisho, alikuta vitu vyembamba mfano wa kope, vyenye macho, vinaogelea. Kabla hajamwita Diana, geti liligongwa, akaenda kufungua akawakuta Bwana Lesikar na kijana mmoja aliyelowa hadi magotini, Abdulhalim, mwenye ile nyumba iliyojengwa juu ya dimbwi.

"Shikamoo mama," alisema Abdulhalim. "Sebuleni kwangu kuna samaki."

Eunike na Diana walikwenda, wakakuta sakafu imepasuka na maji maangavu yamejaa, ingawa fundi alikwishafunga bomba tangu alfajiri, na ndani yake samaki wakubwa tayari, kana kwamba hawakuwahi kuondoka, madume wenye mikia myekundu kama makaa. Mke wa Abdulhalim, Salwa, alikuwa amesimama juu ya kochi, mtoto kifuani.

"Mama, nikishuka huku wananifuata, nikishuka kule wananifuata," alisema. "Wanamtaka nani?"

Dada yetu alipiga magoti majini, na samaki wale, ambao kwa kawaida hukimbia hata kivuli cha ndege, wakaja wakatulia kiganjani mwake, hakuhitaji wavu, na Diana akamsikia akilitaja jina la Derick taratibu, kama mtu anayemwita mtoto arudi ndani.

Mwaka 2023 maelezo ya samaki huyo yalichapishwa, akiwa amepewa jina la Derick, na mwenzake mmoja alipomuuliza sababu, Eunike alijibu, "Naye alikaa msimu mmoja tu." Abdulhalim na Salwa walihamisha ukuta na kuwaachia samaki ile sebule, na yale maji yanatoka wapi, hadi leo hakuna aliyetueleza.

Mwishoni mwa mwaka jana dada yetu alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa, na tarehe 11 Februari 2025, saa saba mchana, jua likiwa kali na mlima ukionekana wote, alimwambia Diana, "Funga dirisha, mwanangu, mvua inaingia." Diana hakubisha, akanyanyuka akalifunga, na alipoutoa mkono wake dirishani ulikuwa umelowa, alipogeuka kumwonyesha mama yake, Eunike alikuwa amekwisha kwenda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Themi waliopika na kukesha nasi, watafiti wenzake waliosafiri kutoka mbali, Bwana Lesikar, na familia ya Abdulhalim, waliofika kabla hatujampigia mtu yeyote simu.

Dada Eunike, umefanya kazi yako, sisi tutamtunza Diana. Pumzika sasa, kwa amani.