Mgeni wa Miaka Sabini

Ilikuwa 1969, mwaka ambao Wahindi wasio raia walianza kunyimwa leseni za biashara. Ndani ya basi la kutoka Kisii nilikaa nyuma ya bwana mmoja mwenye tai na mama aliyepakata kikapu cha mayai. Hawakujuana, jambo ambalo halijawahi kumzuia mtu wa kwetu kubishana.

“Serikali inawabembeleza hawa Wahindi,” alisema bwana. “Mgeni apewe mwezi mmoja, arudi kwao. Mimi nimeshaandika barua kuomba duka la Hirji.”

“Hirji amezaliwa hapa Kisii,” mama alisema. “Mayai yangu nauzia barazani kwake.”

“Kuzaliwa si kitu. Babu yake alitoka wapi?”

Mama akamgeukia. “Na wewe mzee, ni wa ukoo gani?”

Bwana akagusa tai. “Tunaishi Nyakoe.”

“Sikuuliza mnaishi wapi.”

Ikabidi aseme. Babu yake alihama kwao wakati wa njaa, akapewa shamba na wakwe zake. Mtu wa namna hiyo, aliyekaribishwa kwenye ardhi ya ukoo mwingine, sisi humwita omomenyi, na wajukuu wake pia.

“Na babu yako, alipewa mwezi mmoja?”

“Hiyo ni tofauti, mama. Tumekaa miaka sabini.”

“Na nyama ya sherehe ikigawanywa?”

Bwana alitazama migomba ya nje. “Tunapewa mwisho,” alisema. “Lakini tunapewa.”

Basi likasimama Nyakoe. Bwana ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mlango, ila alingoja wengine wote wateremke kwanza.