Daftari la Matone la Bibi Bualai

Bibi Bualai Phonsawat, ambaye leo tunamsindikiza kwenye moto wa maziko, alizaliwa tarehe 14 Januari 1956 kijijini Non Kho, mkoa wa Sakon Nakhon, mtoto wa tatu kati ya sita. Alisoma shule ya hekaluni hadi darasa la nne, akatolewa mwaka 1967 ili alee wadogo zake. Mwandiko wake ulibaki mkubwa, wa kukandamiza kalamu, hata nyuma ya karatasi ungeweza kuupapasa kwa kidole.

Kwa miaka arobaini alichachusha samaki mitungini na kuwauza sokoni. Kila mtungi aliubandika karatasi: tarehe, chumvi, mvua, harufu. Mwaka 1975 aliolewa na Mzee Khamsing, fundi baiskeli, aliyetangulia mwaka 2011. Mzee alikuwa akimtania, "Bualai, nikikaa sana hapa utanibandika karatasi na mimi." Naye alikuwa akimjibu, "Ningekubandika zamani, ila chumvi haijakukolea."

Mwaka 2022 aliugua saratani ya titi, ikaingia mifupani. Januari 2023 kliniki ilimwanzishia mafuta ya bangi. Akafungua daftari, akayafanyia yale aliyoifanyia mitungi. "Matone mawili: maumivu yapo, usingizi hakuna. Matatu: nimelala, nimekula wali. Manne: ukuta unatembea. Matano: nimecheka peke yangu, miguu si yangu. Sirudii." Kwa miaka miwili hakuruka siku hata moja.

Kila mwezi alikwenda nalo kliniki, na kila mwezi alirudi nalo halijafunguliwa. Tarehe 5 Machi 2025 alijaribu tena.

"Daktari, mwanangu, soma ukurasa mmoja tu."

"Mama, foleni unaiona. Niambie kwa kifupi, unalala au hulali?"

"Kwa matatu nalala, ila alfajiri naamka. Yakizidi manne, miguu…"

"Basi hayatoshi. Weka sita."

Nyumbani alisema hatayanywa. Mwanawe, Mjomba Witthaya, akamwambia, "Mama, yule kasoma vitabu. Wewe umesoma mitungi." Usiku Bibi alichukua chupa. Akanywa sita.

Alfajiri alipoinuka kuwapelekea watawa wali, alianguka kwenye ngazi akavunjika nyonga. Hospitalini aliomba kalamu. Aliandika, "Sita: nimeanguka. Nilishaandika." Hakuandika tena. Alifariki tarehe 2 Aprili 2025, akiwa na miaka 69.

Tulilipeleka daftari kliniki. Tukaambiwa faili halina mahali pa kuweka daftari. Jana Mjomba alitaka kuliweka jenezani pamoja na nguo za Bibi. Mama yangu, Ratri, akamshika mkono. "Kaka, likiungua hili, atakayeanguka kesho utamwambia nini?" Mjomba akakaa chini. Baadaye ni yeye mwenyewe aliyesema maneno yake ya mitungi yaandikwe humu kitabuni, yasifichwe.

Kwa hiyo kitabu hiki cha maziko, tunachowagawia mliokuja kumsindikiza, hakina sala nyuma kama ilivyo desturi. Kuanzia ukurasa unaofuata ni daftari lenyewe, kama alivyoliandika. Hapa kijijini wako wanne wanaotumia mafuta hayo. Tafadhali lisomeni lote.

Ameacha watoto wawili, Witthaya na Ratri, wajukuu watano, mdogo wake Bi Chanhom, na mitungi kumi na mmoja ambayo karatasi zake zinasema isifunguliwe kabla ya Agosti. Haitafunguliwa.

Bibi, sasa lala. Hakuna tena tone la kuhesabu.