Dafroza Mihayo na Majibu Yasiyofika

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu mlioko Musoma mjini, Butiama, Bunda, na ninyi wa kandokando ya ziwa. Ni mimi Nassibu. Leo nasema nimesimama. Fundi mitambo ananionyesha kiti, nami siwezi kutulia. Tunamkumbuka Dafroza Mihayo, mpima pamba wa Nyamuswa. Dafroza Mihayo, tuliyemzika Jumamosi huko Manyamanyama, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Wakulima mnamfahamu. Miaka ya themanini, pale kituo cha ushirika, Dafroza ndiye aliyesimama kwenye mzani. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, lakini mzani wake haukuyumba. Marehemu baba yangu alikuwa akisema, "Ukipunjwa na Dafroza, ujue hukuvuna."

Mwaka themanini na tano ukope wa jicho lake la kushoto ukaanza kuanguka. Asubuhi jicho zima. Ikifika saa nane mchana, ukope unashuka wenyewe. Watu hawakosi la kusema. Wakasema mpima pamba anakonyeza waume za watu. Kisha ugali ukamshinda kutafuna. Anakula matonge matatu, anashika taya kwa mkono, anapumzika.

Musoma wakampiga picha ya kifua. Mwaka themanini na saba akapasuliwa Mwanza. Nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo, kuna tezi iitwayo thaimasi. Tezi ya Dafroza ilikuwa na uvimbe, mkubwa kama yai la bata, na ndio uliokuwa ukilegeza misuli ya jicho na taya. Ukatolewa. Siku zilivyokwenda ukope ukapanda, ugali ukalika.

Lakini uvimbe wa thaimasi si wa aina moja. Daktari mstaafu aliyekuwa akimwona alinieleza hivi: "Kuna unaotulia ndani ya ganda lake. Ukiutoa mzima, mtu anaweza kuishi miaka ishirini na zaidi. Kuna unaotoboa ganda. Mwenye huo tungempeleka kwenye mionzi na kumfuatilia kwa karibu. Na kuna saratani kali yenyewe, hiyo haina subira. Kwa macho, ganda la Dafroza lilionekana zima. Macho hayatoshi. Lazima usomwe kwa hadubini."

Ulitakiwa kusomwa Dar es Salaam. Uvimbe wote ukatiwa kwenye chupa yenye dawa, na chupa akakabidhiwa mdogo wake, Alfonce, apande nayo treni. Treni ilikuwa keshokutwa. Alfonce akarudi kwanza nyumbani Manyamanyama kuchukua unga wa njiani. Mama yao, Mama Eufrasia, akaiona ile chupa. Juzi nilikaa na Alfonce, akanisimulia mwenyewe:

"Mama akaniuliza, hicho ni nini? Nikamwambia ni nyama ya dada. Akaninyang'anya. Akasema mwili wa mtu hauzungushwi kwenye mabasi kama dagaa. Akasema, kitovu chake nilikizika hapa, na hii inakaa hapa hapa. Akaifunga kwenye kipande cha kanga, akaizika nyuma ya nyumba, akaweka jiwe. Mama alikuwaga hapingwi, bwana Nassibu. Nikaenda kukaa Kisorya wiki mbili kwa rafiki yangu. Niliporudi nikasema nimefikisha."

Nimefikisha! Wasikilizaji, neno hilo moja.

Kila mwaka Dafroza alikwenda kuulizia majibu. Kila mwaka aliambiwa hayajafika. Nani angeshtuka? Miaka ile kila kitu kilichelewa. Dizeli ilichelewa, chumvi ilichelewa, barua ndiyo usiseme. Dafroza alikuwa anajenga nyumba. Ukuta ulipofika madirishani akausimamisha. "Nisubiri majibu," akasema. Bernado, dereva wa lori la pamba, akataka kumuoa. Dafroza akamjibu, "Siwezi kukupa miaka nisiyoijua." Bernado alingoja miaka mitatu, akaoa kwingine. Simlaumu. Au namlaumu kidogo.

Mwaka tisini na tatu Mama Eufrasia akafariki. Siku ya kuanua matanga, Alfonce akashindwa kuvumilia. Akamwita dada yake nyuma ya nyumba, akamwonyesha jiwe.

"Dada hakunipiga," anasema Alfonce. "Bora angenipiga. Aliniuliza tu, kwa hiyo miaka sita nimekaa nasubiri jiwe liongee?"

Akaenda hospitali. Wakamwambia kilichooza hakisomeki. Basi akarudi nyumbani, na jamani, mwanamke huyo! Ndani ya miezi miwili ukuta ukapanda na bati zikapigwa. Mwaka uliofuata wanunuzi binafsi wakaingia, kituo cha ushirika kikafungwa. Dafroza akatafuta mzani wake mwenyewe, akautundika barazani. Mkulima akawa anapima kwanza kwa Dafroza, ndipo anakwenda kwa mnunuzi na kifua mbele. Hiyo ndiyo miaka miwili aliyoishi bila kumngoja mtu.

Mwaka jana pumzi ikawa fupi. Picha ikaonyesha uvimbe umerudi, umetambaa kwenye utando wa pafu. Nilimuuliza yule daktari: ungesomwa wakati ule, angekuwa hai leo? Akasema, "Nassibu, usinilazimishe. Haukusomwa." Nataka kumkasirikia Mama Eufrasia, nashindwa, maana alimpenda mwanawe. Nataka kumkasirikia Alfonce, namkumbuka anavyolia. Hasira yangu haina pa kukaa, ndiyo maana hata mimi sijakaa.

Wiki mbili kabla ya kufa, Dafroza alimwita Alfonce. Akaagiza kaburi lichimbwe nyuma ya nyumba ya mama, kando ya jiwe. "Kipande changu kilitangulia," alisema, "na hakijasomwa. Niwekeni hapo, tutasomwa pamoja." Ndivyo ilivyofanyika Jumamosi. Kwa Alfonce, kwa ukoo wa Mihayo, kwa wakulima wa Nyamuswa, poleni sana. Mungu amlaze Dafroza mahali pema.

Nawe unayenisikiliza, tafakari hili. Kama ulitumwa na hukufikisha, inuka leo ukaseme hukufikisha. Mwenzio anasubiri, na ukuta wake umesimama madirishani.