Sista Kikombe Anaweka Kikombe Chini

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, tarehe thelathini ya mwezi huu Sista Kikombe atavua vile viatu vyake vyeupe vinavyolia kwikwi koridoni, naye atastaafu. Sisi tuliozoea kuficha chai kila tukivisikia hatujui uhuru huo tutaufanyia nini.

Aliletwa wodi ya figo ya watoto kumshikia mwenzake aliyekwenda likizo. Mwenzake alirudi, Sista hakuondoka. Enzi hizo tulikuwa na mashine mbili za kusafisha damu, moja ikifanya kazi na nyingine ikitolewa vipuri. Leo ziko tisa, na kila moja ameipa jina la shemeji yake mmojawapo, kwa madai kwamba zote hupiga kelele bila sababu. Fundi wa mashine, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu, ameitwa mara nyingi kumbembeleza shemeji aliyesusa.

Jina la Kikombe alilipata kwa haki. Mtoto ambaye figo zake zimechoka hanywi maji apendavyo, maana hayana pa kutokea. Hubaki mwilini, yakamvimbisha uso na miguu, na mwishowe yakambana pumzi. Kwa hiyo kila mtoto wetu hupewa kikombe cha plastiki chenye mstari mwekundu, uliochorwa kwa rangi ya kucha ya Sista mwenyewe. Maji, chai, mchuzi na barafu, vyote hupimwa humo.

Lakini Sista hakukubali mtoto aondoke na kikombe peke yake. Familia nzima ilipewa vikombe vyake, ikaishi navyo Jumapili moja, asubuhi hadi jioni. Akina baba ndio waliomtoa jasho. Mmoja wao, dereva wa lori, aliapa kwamba hilo ni jambo dogo. Ilipofika saa sita mchana mkewe alimkuta bafuni akipiga mswaki kwa mara ya nne.

Wodi itamkumbuka zaidi kwa familia ya Mheshimiwa. Huyu alikuwa binti wa miaka minane, mwenye amri nyingi kuliko kilo, ndiyo maana tukamwita hivyo. Kila alipoletwa kwenye mashine alikuwa amevimba kupita kiasi, na nyumbani kila mtu aliapa kwamba hajampa hata tone. Mama yake alilifunga friji kwa kufuli. Baba akasema nyumba imegeuka jela, mama akasema baba hajui kumkatalia mtoto, na kaka yake mdogo akatuhumiwa na wote wawili kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Jumatatu moja Mheshimiwa aliletwa mgongoni kwa baba, anahema kama aliyefukuzwa, midomo imebadilika rangi. Siku hiyo hakuna aliyetania. Shemeji mkubwa alifanya kazi mpaka jioni, na mtoto akaponea chupuchupu.

Sista hakumgombeza mtu. Alitoa vikombe vitano: vya baba, mama, kaka, bibi, na shangazi aliyekuwa akiishi nao. Jumapili iliyofuata, mchana, simu yake ililia. Alikuwa bibi, sauti imekauka. Alisema ni yeye. Kila jioni alikuwa akimpitishia mjukuu wake bakuli la supu nyuma ya mlango, kwa huruma, akiamini kwamba supu si maji. Akauliza kama kweli mtoto yule anaishi na kiu hii kila siku. Sista akajibu kwamba ndiyo, kila siku. Alimsubiri bibi alie, kisha akamwomba apunguze, maana machozi nayo ni maji na hayakuwekewa fungu kwenye kikombe.

Kufuli likatoka. Bibi akapewa kazi ya kugawa vipande vya barafu, kimoja kimoja, wakati wa katuni. Chumvi, inayoleta kiu, ikaondolewa mezani kwa wote, ndimu ikapanda cheo. Mheshimiwa akawa msimamizi wa vikombe vyote, na baba yake aliyekamatwa na soda nyuma ya nyumba bado anasimulia alivyokaripiwa.

Si kila mtoto alivuka. Wapo tuliowazika. Sista alikwenda kwenye kila mazishi, akarudi kazini macho mekundu, akitugombeza kwa lolote alilolikuta. Siku hizo tulimpenda zaidi.

Mheshimiwa alivuka. Shangazi alimpa figo yake moja, na tangu hapo hudai vipande viwili vya keki kwenye kila sherehe. Vituko vikaanza upya, kwani sasa madaktari walimtaka binti anywe maji mengi. Binti yule yule, aliyewahi kuiba maji kwa kunyonya taulo la uso lililolowa, akaanza kumwagia maua glasi zake, na Sista, aliyemnyima maji miaka yote ile, akawa anampigia simu kumuuliza kama amekunywa.

Tutamuaga Ijumaa kwenye ukumbi wa chakula. Mheshimiwa, siku hizi mwanafunzi wa sekondari, ndiye atakayeshika jagi, na ameamuru hotuba zisianze kabla kila mgeni hajamaliza glasi yake. Zawadi yake tumeiona mapema: ni kile kikombe chake cha plastiki. Mstari mwekundu ameusugua mpaka umetoka.

Asante, Sista, kwa watoto wetu na kwa nyumba zao. Tunakutakia maisha mema. Jaza kikombe, unywe.