Fundi Primus Wutte, Aliyefundisha Mikono Kudaka

Padre, wawindaji, mafundi wenzake baba, ndugu na majirani wa Waidisch, poleni kwa kuipanda njia hii yenye barafu. Mimi ni Apolonia, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, kwa sababu baba hakupenda kitu kipakwe rangi ili kuficha ufa.

Marehemu Primus Wutte alizaliwa tarehe 9 Juni 1941, sikukuu ya Mtakatifu Primus, hapa hapa Waidisch, akiwa mtoto wa tatu wa mkata magogo, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1955, akaenda Ferlach katika shule ya mafundi bunduki, akahitimu Julai 1959, akafanya kazi chini ya mafundi wakubwa, na tarehe 1 Machi 1968 akafungua karakana yake nyuma ya nyumba yetu, ambako wengi wenu mliosimama hapa mlikuja mkiwa wanagenzi msiojua hata tupa inashikwaje.

Alifunga ndoa na mama yetu, Notburga Kelih, tarehe 14 Mei 1966, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1967, na mdogo wangu Florjan tarehe 4 Mei 1971.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja, bunduki haianguki, na mwanagenzi aliyeiachia ikagusa sakafu aliwanunulia mafundi wote bia, huku baba akimsuta, "Mguu ukivunjika daktari yupo, darubini ya bunduki ikivunjika utanilipa kwa figo?" Sisi wanawe alituzoeza mezani, anakisukuma kikombe taratibu hadi ukingoni kianguke, anayekidaka anapata kipande cha keki, na mimi nilivunja vikombe vingi, lakini Florjan aliweza kudaka huku anatazama pembeni, baba anacheka mpaka machozi, "Huyu ndiye wangu, huyu!" Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Florjan alikua vilevile hasa.

Mwaka 1995 Florjan aliangukiwa na gogo msituni, goti la kushoto likaharibika, akawa hawezi tena kupanda miamba ya mlima Koschuta na mzigo begani, akasema basi, uwindaji wa mbuzi-mwitu ameuacha, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kukubali neno basi, akamwambia, "Goti siwezi kukuchongea, mwanangu, ila bunduki naweza." Kwa karibu miaka mitatu alitengeneza bunduki moja nyepesi, ya risasi moja, ya kukunjwa katikati, aliuchonga mtutu mifereji ya kuupunguza uzito, akakifukua kitako cha mti wa jozi kikabaki ganda, mwili wake akauunda kwa alumini, skrubu zote akazitoboa katikati, na kila jioni aliipima kwenye mizani ya jikoni ya mama, ambaye alimwambia, "We Primus, mtoto anakwenda kuwinda na bunduki au na unyoya?"

Bunduki za hapa huwa na kilo tatu na zaidi, hii ilifika kilo mbili na robo pamoja na darubini yake, na ungefikiri hapo mtu angeweka tupa chini, lakini baba aliitazama pete inayoshika mkanda, pete ya chuma isiyozidi kifungo cha koti, akaitoa, akaweka ya alumini, na hiyo nayo akaitoboa. Hakuwa mzembe, naomba hilo lijulikane, aliining'iniza bunduki ghalani kwa pete ile na kuifungia mfuko wa mawe, ukakaa wiki nzima, pete haikupinda, lakini mfuko ulioning'inizwa umetulia, na bunduki iliyo mgongoni hutikisika kila hatua, jambo ambalo baba alilifikiria baadaye, wakati kulifikiria hakukumfaa mtu yeyote.

Tarehe 17 Oktoba 1998 Florjan alipanda Koschuta na rafiki yake Lenart Oraže, ambaye yuko hapa mbele yenu. Lenart anasema Florjan alipanda kama kijana wa miaka ishirini, anatania njia nzima, "Wee Lenart, nishike nisije nikapeperuka." Kwenye ukingo mwembamba pete ilikatika, bunduki ikateleza begani, Lenart akapiga kelele, "Iache!" lakini mkono ulikuwa umeshakwenda, kwa sababu mikono ile haikufundishwa kungoja amri, ukauacha mwamba ukaifuata bunduki. Aliidaka. Walipoufikia mwili wake chini, alikuwa ameikumbatia kifuani, na kioo cha darubini kilikuwa kizima.

Padre aliyekuwepo wakati ule alimwambia baba kwamba ni mapenzi ya Mungu, na baba akamjibu, "Padre, tundu lile hakulitoboa Mungu, nimelitoboa mimi." Tangu siku hiyo hakutengeneza bunduki nyepesi tena, na wageni walipokuja wakitaka kama ile ya Florjan aliwafungia mlango. Mama hakumlaumu kwa neno hata moja, ila hakuvuka tena kizingiti cha karakana, kila mchana aliweka sahani ya maandazi ya jibini na nanaa pale mlangoni na kugeuka, hadi alipofariki mwaka 2009. Sitawaambia kwamba baba alipata faraja, maana hakuipata, nami sikuwa nayo ya kumpa.

Mwaka 2019 alianza kusahau, akasahau majina yetu, akasahau kwamba mama hayupo, nikamwomba Mungu ampe na kumsahau Florjan, sikupewa. Kijiko kikianguka wodini Klagenfurt, alikolazwa mwishoni, alishtuka kitandani akiita, "Iache ianguke, mwanangu! Iache!" na wauguzi wakazoea kumjibu, "Ameiacha, mzee, lala." Alifariki tarehe 3 Februari 2024 alfajiri, kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka themanini na miwili.

Tunawashukuru madaktari wa Klagenfurt, na wauguzi hasa kwa uongo wao mwema, majirani mliotuondolea theluji mlangoni, mafundi wa Ferlach, na wawindaji mliokuja na pembe zenu za kupuliza.

Limebaki jambo moja, ambalo baba aliniagiza angali na akili zake. Jeneza likishashushwa, kabla hamjatupia kaburini vijiti vyenu vya msonobari kama ilivyo desturi ya wawindaji, Lenart atasimama ukingoni na bunduki ya Florjan, mtutu wake tumeshaukata isipige tena na ofisi ya wilaya imeridhia, naye ataiachia. Najua nazungumza na watu gani. Wengi wenu mlilelewa kwenye karakana ile, na mtakapoiona inakwenda, mikono yenu itataka kwenda nayo. Nawaomba, iwekeni mifukoni, na mimi nitaiweka yangu.

Pumzika, baba. Tunaiacha ianguke.