Shahidi wa Pili

Asubuhi ya kesi, fundi cherehani hakutegemea kumwona msimamizi wake wa kiwandani akipanda basi lile lile, sembuse kuja kuketi ubavuni pake.

"Shuka hapa, dada, urudi kazini," alimwambia kwa sauti ya chini. "Ukisema mahakamani kwamba ile mashine iliyomkata mwenzako ilikuwa mbovu, utasimama peke yako."

"Tuko wawili," fundi akajibu.

Msimamizi akashtuka. "Nani mwingine? Yule mshona vifungo?"

"Aliyekuwepo vidole vya mwenzangu vilipokatika. Hata humu yumo."

Msimamizi akakagua kiti kwa kiti, akamkazia macho mzee wa watu aliyekuwa akijikoromea nyuma. Kisha akang'amua, akacheka. "Kumbe Mungu! Huyo ndiye atakayekulishia watoto?"

"Naogopa, bosi, sikufichi. Lakini sijawahi kufika mahali nikamkosa. Na mwenzangu nilimwahidi nitakuja."

Basi likasimama mbele ya mahakama. Msimamizi akanyoosha miguu kuziba njia. "Ukishuka, kiwandani usirudi."

Fundi akakusanya sketi yake, akairuka ile miguu, akashuka.