Mguu Mmoja Kwenye Foleni

Kwenye foleni ya basi la Ngong Road, Mzee Thuo alimwona mwanamke wa rika lake amesimama kwa mguu mmoja, kidole kimoja tu kikigusa chuma cha kituo. Hakuweza kunyamaza.

"Mama, utaanguka. Si upite mbele upate kiti? Wazee hawapangi laini."

"Wapite wagonjwa," akajibu yule mama, macho yakimng'aa. "Hii goti yangu imesagika, mwaka jana nilikuwa naanguka hata jikoni. Daktari wa mazoezi akanifundisha hivi. Sasa napanda ngazi za kanisa bila kushikwa."

"Mazoezi itamaliza hata ile mafuta kidogo imebaki kwa goti. Mimi nakunywa supu ya kwato kutoka Dagoretti, halafu napumzika."

"Na hiyo fimbo ni ya nini?"

Thuo akaitazama fimbo kana kwamba imemsaliti. Babake, akasema, aliinywa supu hiyo mpaka akazeeka.

"Akazeeka ameketi," akasema mama. "Shika chuma, ujaribu."

Basi lilipofika, Thuo alikuwa bado anaitetea supu yake, fimbo kwapani, mguu mmoja hewani, akimwambia makanga angoje kwanza.